Sataranji za hadithi za kisayansi: ipi inachezeka hadi mwisho, na mapengo ya kanuni zake yanazibwaje?

mtazama_nyota aliuliza:

Habari zenu wakuu. Natafuta sataranji iliyotoka kwenye hadithi za kubuni za kisayansi ambayo watu wawili wanaojua sataranji ya kawaida wanaweza kuicheza tangu kete ya kwanza hadi mshindi apatikane, bila kugombania kanuni katikati. Nimewaza mbili: Jetan, ile ya sayari ya Mirihi, na ile ya ghorofa inayoonekana kwenye Star Trek. Hii ya pili nataka kuitengeneza kwa akriliki angavu, kwa hiyo naomba na vipimo.

La pili: naandika hadithi fupi ambamo kompyuta inamshinda mtu. Nataka msomaji anayejua sataranji afike hapo na akubali kwamba mchezo ni wa kweli. Kete za tukio kama hilo zipangwe vipi?

padwar_mweusi:

Anza na Jetan, mkuu. Edgar Rice Burroughs aliambatisha kanuni mwishoni mwa *The Chessmen of Mars* (1922), hivyo una maandishi ya kusimamia. Ubao ni miraba 10 kwa 10, nyeusi na ya rangi ya chungwa. Kila upande una kete 20. Mstari wa nyuma, kutoka kushoto kwa kila mchezaji, ni Shujaa, Padwar, Dwar, Rubani, Chifu, Binti Mfalme, Rubani, Dwar, Padwar, Shujaa. Mstari wa mbele una Thoat pembeni kushoto na kulia, na katikati Panthan wanane.

Miendo ni hii. Shujaa huenda miraba 2 ya moja kwa moja (mbele, nyuma, kando), na anaweza kukata kona katikati, vivyo hivyo Padwar, Dwar na Rubani. Padwar miraba 2 kimshazari. Dwar 3 moja kwa moja. Rubani 3 kimshazari, naye huruka kete zilizo njiani. Chifu 3 upande wowote, hata kwa kuchanganya. Thoat hatua moja ya moja kwa moja na moja ya mshazari. Panthan hatua 1 upande wowote ila si kurudi nyuma. Na kwa kuwa hakuna kupandishwa cheo, akifika mstari wa mwisho anabaki kwenda kando tu. Binti Mfalme hutembea kama Chifu na huruka kete, lakini hali kete na haingii mraba unaotishwa. Mara moja katika mchezo mzima anaruhusiwa kutoroka hadi miraba 10.

Unashinda kwa njia mbili: kete yako yoyote ikimfikia Binti Mfalme wa mpinzani, au Chifu wako akimla Chifu wake. Chifu akiliwa na kete nyingine yoyote, mchezo ni sare. Pande zote mbili zikibaki na kete tatu au pungufu za thamani sawa, na hatua kumi zikapita (tano kwa kila mmoja) bila mshindi, pia ni sare.

Sasa mapengo. Lililo kubwa ni hili: je, Dwar *lazima* amalize hatua zote 3, au anaweza kusimama baada ya 1? Kiambatisho hakisemi. Mimi nasimama upande wa hesabu kamili, na sababu inaonekana ukihesabu miraba. Kwa hesabu kamili, kwenye ubao mtupu, Shujaa hufika miraba 8, Padwar 8, Dwar 16, Rubani 16, Chifu 48. Kila kete inapata tabia yake: Shujaa, Padwar na Rubani hawabadilishi rangi ya mraba maisha yao yote, ilhali Dwar hubadilisha kila anapocheza. Mchezaji makini hulitumia hilo kumficha Binti Mfalme kwenye rangi ambayo Rubani wa adui aliyebaki haigusi, maana wale wawili huanzia rangi tofauti. Ukiruhusu kete isimame popote njiani, Shujaa na Dwar wanapoteza tabia hizo. Andikeni pia kwamba kete hairuhusiwi kukata kona ikarudi mraba ilipoanzia, maana hapo mchezaji atakuwa ameruka zamu bila kucheza.

Pengo la pili ni Thoat. Simulizi ndani ya kitabu inampa ruhusa ya kuruka kete, kiambatisho hakiitaji. Mpeni. Mwanzoni ana Shujaa nyuma yake na Panthan ubavuni, na ingawa mbele yake kuko wazi, kuruka kutamsaidia kete zikisongamana. Amueni vilevile kama anaweza kwenda moja kwa moja kisha kurudi kimshazari: mkikubali anafika miraba 12, mkikataa anabaki na ile 8 ya farasi wa kawaida. Nadhani 8 inatosha.

kete_za_kioo:

Nachukua la ghorofa. Ujue kwanza kwamba Star Trek yenyewe haikutoa kanuni. Ubao ulianza kuonekana 1966, na waigizaji walisogeza kete tu. Mpango wa kuanzia ulichapishwa 1975 kwenye *Star Fleet Technical Manual* ya Franz Joseph, kisha Andrew Bartmess akaukuza ukawa kanuni kamili, na hizo ndizo wengi wanazozifuata.

Umbo: ghorofa tatu zisizosogea za miraba 4 kwa 4, na vibao vinne vinavyohamishika vya 2 kwa 2. Jumla 48 na 16, yaani 64, sawa na ubao wa kawaida. Ghorofa hazikai moja juu ya nyingine sawasawa. Zimepishana kama vidato. Ukihesabu safu kutoka kwa mweupe, ya chini ina safu ya 1 hadi 4, ya kati 3 hadi 6, ya juu 5 hadi 8. Kila ghorofa ina tundu la kigingi katika kila pembe, kwa hiyo vibao vina vituo 12. Kibao kinafunika mraba mmoja tu wa pembe ya ghorofa. Miraba yake mitatu inaning'inia nje.

Kwa kuanza, mweupe ana vibao viwili mbele yake, kushoto na kulia. Kimoja kimebeba malkia, ngome na askari wawili. Cha pili mfalme, ngome na askari wawili. Farasi wawili, maaskofu wawili na askari wanne wako kwenye ghorofa ya chini. Mweusi ni vivyo hivyo kule juu.

Vipimo vinavyofanya kazi: mraba cm 4, ghorofa cm 16 kwa 16, kibao cm 8 kwa 8, akriliki ya mm 4. Ukitazama kutoka juu, vibao vikiwa vimechomoza, kazi nzima inachukua cm 24 kwa 40. Tumia kete ndogo: mfalme wa cm 5, kitako kisichozidi cm 2.6. Wengi huharibu kwenye kimo. Wanaweka ghorofa cm 10 kutoka moja hadi nyingine kwa sababu mfalme anapita. Wanasahau kwamba kibao kinaweza kuhamia kati ya ghorofa mbili na kete zikiwa juu yake. Hesabu hivi: kutoka ghorofa hadi kibao cm 7.5 (mfalme 5, nafasi ya vidole 2.5), juu ya kibao tena cm 7.5, ongeza unene wa akriliki. Ghorofa ziachane cm 16. Ya chini iwe cm 8 kutoka mezani kwa miguu minne mifupi.

Nguzo zinataka akili. Hakuna mraba hata mmoja ambao ghorofa zote tatu zinaufunika, kwa hiyo nguzo moja iliyonyooka haiwezi kuzibeba zote. Usiziweke pembeni pia, kwa kuwa vibao vitagonga. Zipitishe katikati: ya kwanza mahali inapokutana miraba b3, b4, c3 na c4, ikibeba ya chini na ya kati, ya pili panapokutana b5, b6, c5 na c6, ikibeba ya kati na ya juu, ya tatu ukingoni mwa safu ya 8, katikati, iizuie ya juu isiiname. Chuma cha mm 10 kinakula mm 5 za kona ya kila mraba, na kete zenye kitako cha cm 2.6 hazitaguswa.

Vigingi vya vibao viwe vya pembe nne, mm 8. Kigingi cha duara kinaruhusu kibao kuzunguka, na ukimgusa ngome pembeni kete zote nne zinamwagika ghorofa ya chini. Tundu likae angalau cm 1 kutoka ukingoni, la sivyo akriliki itapasuka. Kwa sababu hiyo kigingi hakitakuwa katikati kabisa ya kibao, kwa hiyo gundisha chini ya kibao sahani ya kipenyo cha cm 4 yenye shimo la kina cha cm 2. Toboa kwa mwendo wa polepole, ubao wa mti ukiwa chini. Drili ikienda kasi plastiki inayeyuka na kung'ang'ania.

Kanuni kuu ni kutazama kutoka juu. Askofu, ngome, farasi, wote hutembea kama kawaida ukiona kivuli chao, na wanaweza kuishia ghorofa yoyote yenye mraba huo. Kupanda wima tu bila kusogea hakuruhusiwi. Kibao huhamishwa kwenda kituo cha jirani kikiwa kitupu au kimebeba kete moja tu, na huko ni kucheza zamu. Kabla ya kuanza andikeni: je, kibao chenye kete kinaweza kurudi nyuma? Je, kinaweza kuhamishwa ili kumtoa mfalme kwenye cheki? Haya mawili ndiyo huzua ugomvi. Mimi nakataa la kwanza na kukubali la pili.

unikoni_wa_tano:

Kabla ya kukata plastiki, fikiria jambo moja ambalo waandishi wengi wa hadithi hawaligusi: kadiri unavyoongeza pande za ubao, ndivyo mfalme anavyokuwa mgumu kukamatwa. Kwenye ubao wa kawaida mfalme aliye katikati ana miraba 8 ya kukimbilia, pembeni kabisa 3. Kwenye ubao wa mchemraba ana 26 katikati na 7 kwenye pembe. Silaha haziongezeki kwa kiwango hicho, na mchezo unaishia kwenye kufukuzana.

Ferdinand Maack wa Hamburg aliona hilo mapema. Sataranji yake ya anga, Raumschach, ya 1907, awali aliiwazia 8×8×8, kisha akaipunguza hadi 5×5×5, vyumba 125. Akaongeza kete mpya, unikoni, inayopita kwenye ncha za vyumba, yaani inabadilisha ghorofa, safu na mstari kwa pamoja. Hata hivyo unikoni mmoja hufika vyumba 30 tu. Wale wawili wa kila upande hawagongani, kwa hiyo kwa pamoja wanagusa 60, na vyumba 65 hawavigusi kamwe. Ukijua hivyo unajua pa kumweka mfalme.

Ukitaka hisia ya ulimwengu wa pili kwa gharama ndogo, cheza Alice, iliyobuniwa na V. R. Parton mwaka 1953. Unahitaji mbao mbili za kawaida na seti moja ya kete. Zote zinaanzia ubao A. Kila hatua lazima iwe halali kwenye ubao inapochezwa; ikishachezwa, kete inahamia mraba uleule kwenye ubao wa pili. Mraba huo lazima uwe mtupu kule, la sivyo hatua haichezwi. Kula ni kwa kete zilizo ubao mmoja tu.

Wageni wote hunaswa na mtego mmoja. Mweupe e4, mweusi d5 (askari wote wawili sasa wako B). Mweupe anacheza askofu e2, naye anahamia B. Mweusi anakula e4 kule B, na askari wake anarudi A. Mweupe: askofu b5, anatua A, cheki, na ni chekimeti. Mweusi anaona c6 na d7 ziko wazi na ana kete tele za kuziba, lakini kila atakayemsogeza kutoka A atatua B. Anayeweza kuziba njia ya A ni kete iliyoko B, na mweusi hana hata moja huko. Ukilielewa hili umeuelewa mchezo: weka daima kete mbili tatu upande wa pili.

Kwa anayependa kusafiri katika wakati, ipo *5D Chess With Multiverse Time Travel*, mchezo wa kompyuta wa 2020. Kete inaweza kutumwa kwenye ubao wa hatua zilizopita, na hapo historia mpya inazaliwa sambamba na ya kwanza. Kanuni zinasimamiwa na programu, na ni heri, kwa sababu kwa mkono ungehitaji meza nzima ya mbao.

mtazama_nyota:

Nashukuru sana wakuu. Swali dogo juu ya Alice: mfalme akipigwa cheki kwenye A, si anahamia B akishasogea? Basi anatorokaje kushindwa?

unikoni_wa_tano:

Anapimwa mara mbili. Kwanza, mraba anaoingia usiwe unatishwa kwenye A, kana kwamba atabaki hapo. Pili, akishavuka, asijikute kwenye cheki kule B. Akishindwa mtihani wowote kati ya hiyo miwili, hatua si halali. Ndiyo maana kwenye mtego ule mfalme hakuweza kwenda d7: askofu wa b5 anaushika mraba huo kwenye A, na B kuwa salama hakumsaidii.

f3_si_f6:

Nijibu la hadithi. Usibuni nafasi ya kete. Chukua mchezo uliochezwa kweli, halafu uhakikishe kila neno linalotamkwa.

Mfano bora ni *2001: A Space Odyssey* (1968). Kompyuta HAL inacheza na Frank Poole, na kete zimetoka mchezo wa Roesch dhidi ya Schlage, Hamburg, 1910. Panga ubao uone. Mweupe: mfalme g1, malkia a6, ngome a1 na e1, farasi b1, maaskofu c1 na d1, askari a2, b2, c3, d2, f2, h2. Mweusi: mfalme g8, malkia d3, ngome f8, maaskofu e7 na g2, farasi e5 na f4, askari b5, c7, f7, g7, h7. Zamu ni ya mweusi, anacheza malkia f3. Askofu wa d1 akimla malkia, farasi wa e5 anakula f3 na ni chekimeti: askofu wa g2 anafunga f1 na h1, naye analindwa na farasi wa f4. Mweupe asipomla malkia, farasi wa f4 anakwenda h3, chekimeti tena. Akisukuma askari h3, farasi anamla kwa cheki, mfalme h2, farasi wa pili g4, basi. Malkia c8 unachelewesha hatua moja tu.

Ona kilichoharibika, kwa sababu kitakusaidia. HAL inataja malkia kwenda mraba wa tatu wa askofu. Kwa uandishi wa wakati ule kila mchezaji alihesabu kutoka upande wake, kwa hiyo kwa mweusi ulikuwa wa sita. Tena inatamka mfululizo mzima kana kwamba mweupe hana njia nyingine, na njia anazo, ingawa zote zinaishia kushindwa. Kwenye hadithi yako tumia herufi na namba, kosa la namna hiyo halitapata nafasi.

*Blade Runner* (1982) nayo inamalizia kwa hatua za Anderssen dhidi ya Kieseritzky, London, 1851: malkia f6 cheki, farasi anamla, askofu e7 chekimeti. Hatua ni sahihi, ila kete zinazoonekana mezani hazilingani na mchezo huo. Katika maandishi hakuna kamera, kwa hiyo tatizo hilo unaliepuka ukitaja kete tatu au nne zinazohusika na kuacha zilizobaki.

Njia nyingine ni kuufanya mchezo uwe ushahidi. Kwenye kipindi cha Star Trek cha 1967, "Court Martial", Spock anaishinda kompyuta ambayo yeye mwenyewe aliipanga, wakati bora alichostahili kupata ni sare. Hapo ndipo anajua kuna mtu ameichezea. Msomaji hahitaji kujua hatua hata moja, na mantiki inasimama.

padwar_mweusi:

Nimesahau jambo kwenye Jetan, na ni zito. Kanuni ya sare kwa kumla Chifu inampa anayeshindwa mlango: anaelekeza kila kete kwa Chifu wako, hata kwa hasara, akijua Padwar mmoja akifika ameponyoka. Katika mashindano msitoe nusu pointi. Toeni 3 kwa ushindi, 1 kwa sare, 0 kwa kushindwa. Na wewe unayeongoza usimtoe Chifu wako mbele eti kwa sababu anafika miraba 48. Mwache nyuma ya Panthan wawili hadi Rubani na Dwar wa adui wapungue, ndipo umtoe kumwinda mwenzake.